Picha yangu ya bustani haina jua: nimekosea wapi?

*“Shikamoo Mwalimu. Nachora kwa akriliki, nimejifunza mwenyewe, huu ni mwaka wa pili. Nachora bustani ya nyumbani kwa bibi, Kikuyu hapa Dodoma. Kuna njia ya changarawe nyekundu yenye mawe ya chokaa pembeni, bogenvilia, chanja la mizabibu juu ya njia, mwarobaini mkubwa, na mwisho wa njia nyumba ya zamani iliyopakwa chokaa, ina baraza la nguzo nne linalotazama kaskazini. Nilianza Julai nikiwa nimekaa bustanini na kupiga picha kwa simu, nikaacha, nimeendelea mwezi huu wa Oktoba. Kila penye jua nimeongeza nyeupe, vivuli nimepaka nyeusi, lakini picha haina jua kabisa. Inaonekana kama siku ya mawingu, au kama imemwagiwa vumbi. Majani yote yamefanana kijani. Nikiwa nje naiona nzuri, nikiiingiza sebuleni inakuwa giza. Rangi nazo zinakauka kabla sijamaliza kuzichanganya. Je, ni rangi zangu za bei rahisi? Nihamie rangi za mafuta? Au sina kipaji tu? Nataka bibi aione kabla ya Krismasi.”*

Marahaba, mwanangu. Nianze na hilo la kipaji ili tulimalize. Asiye na jicho haoni kwamba picha yake haina jua. Huiona nzuri akaitundika. Wewe umeona, na umeeleza kasoro moja moja kama fundi anayesikiliza injini. Bei ya rangi inachangia kidogo, nitaieleza. Lakini kubwa linalokukwamisha ni kwamba unapaka majina ya vitu. Ukuta ni mweupe, kwa hiyo umeupaka mweupe. Njia ni nyekundu, umeipaka nyekundu. Majani ni ya kijani, basi kijani. Jua haliangalii majina hayo.

Fanya jaribio hili kesho kabla hujagusa brashi. Chukua kipande cha boksi, toboa matundu mawili madogo kwa msumari, kama upana wa vidole vinne kati yake. Simama kwenye njia saa 3 asubuhi, fumba jicho moja, unyooshe mkono, usogeze hilo boksi mpaka tundu la juu lionyeshe ukuta wa nyumba ulio kivulini ndani ya baraza, na tundu la chini lionyeshe changarawe iliyo juani. Sasa linganisha matundu mawili, usahau ukuta ni ukuta. Mara nyingi utakuta kile “cheupe” ndicho chenye giza, na kile “chekundu” ndicho kinachong'aa. Wanafunzi wangu wakifanya hivi mara ya kwanza husogeza boksi pembeni kuhakikisha sijawadanganya.

Sababu yake ni hesabu nyepesi. Jua la wazi la mchana hutoa mwanga wa takriban luksi 100,000 (luksi ni kipimo cha mwanga unaoangukia kitu). Kivuli kilicho wazi, chenye anga juu yake, hupata pengine sehemu ya kumi au ya tano ya hapo, na ndani ya baraza ni pungufu zaidi. Chokaa hurudisha sehemu kubwa ya mwanga unaoifikia, tuseme asilimia 80. Lakini asilimia 80 ya kidogo ni kidogo. Changarawe nyekundu hurudisha labda asilimia 20, ila ni asilimia 20 ya mwanga mwingi mno. Ndiyo maana njia inaushinda ukuta. Sasa kumbuka ulichofanya kwenye kanvasi: ukuta wa barazani umeupaka karibu na nyeupe tupu, njia umeipaka nyekundu iliyokoza. Umelipindua jua juu chini. Hata ungeongeza ndoo nzima ya nyeupe, lisingewaka.

Kwa hiyo igawe picha yako kwenye koo mbili tu: vitu vilivyo juani na vitu vilivyo kivulini. Kitu chenye giza kuliko vyote kwenye ukoo wa jua kiwe bado kina mwanga kuliko kitu cheupe kuliko vyote kwenye ukoo wa kivuli. Sheria hii inavunjika hapa na pale (jani jeusi-jeusi la mwarobaini juani linaweza kulingana na chokaa ya kivulini), lakini kwa anayeanza ishike hivyo hivyo ilivyo. Finya macho mpaka kope zikaribie kugusana. Ukiona vivuli vyote vimeungana kuwa umbo moja kubwa, yaani baraza limeungana na kivuli cha mwarobaini, nacho kimeungana na cha bogenvilia, basi umeliona umbo ambalo picha yako inalihitaji. Lipake kwanza, lote, kwa rangi moja ya kati. Wengi hupaka jua kwanza kwa sababu ndilo linalowavutia. Mimi hupaka kivuli kwanza, na nikikipata vizuri, kanvasi tupu iliyobaki huanza kuwaka yenyewe.

Nyeupe sasa. Unaiongeza ukidhani unaongeza mwanga. Nyeupe bora ya tyubu hurudisha takriban asilimia 90 ya mwanga, na nyeusi bado hurudisha asilimia 4 au 5. Maana yake kutoka giza lako lote hadi mwanga wako wote ni mara ishirini hivi. Bustanini, kati ya chokaa iliyo juani na ndani ya mlango uliofunguka nusu, tofauti ni mara mamia. Hakuna rangi dukani, iwe ya bei gani, inayofika huko. Mchoraji hashindani na jua kwa nguvu. Anachoweza kunakili ni uhusiano, hiki kikoje mbele ya kile. Zaidi ya hapo, nyeupe ya titani ina ubaridi. Ukiitia kwenye nyekundu ya njia unapata waridi wa unga, ukiitia kwenye kijani unapata rangi ya dawa ya meno. Hilo ndilo vumbi uliloniandikia. Njia iliyo juani ichanganye kwa njano ya oka na siena iliyochomwa (rangi mbili za udongo, moja ya njano, nyingine ya kahawia-nyekundu), nyeupe iwe kama chumvi kwenye mboga, na ukitaka ing'ae zaidi ongeza njano kabla ya kuongeza nyeupe. Hata ukuta wa chokaa unaopigwa na jua usiupake nyeupe tupu. Utie chembe ya njano ya oka. Nyeupe tupu iweke akiba.

Nyeusi nayo ina kesi yake, ingawa sikatai nyeusi kabisa kama walimu wengine wanavyofanya. Wachoraji wa Tingatinga wamefanya maajabu nayo, wakipaka rangi bapa za mng'ao, za kopo, zisizo na kivuli wala jua, kwa sababu picha zao haziulizi saa ngapi. Yako inauliza saa ngapi. Kivuli cha bustanini si mahali pasipo na mwanga. Ni mahali ambapo jua lenyewe limezibwa, lakini anga la bluu bado linamwaga mwanga juu yake, na ardhi bado inarusha mwanga kutoka chini. Chukua karatasi nyeupe, ingia nayo barazani, karibu na ukingo. Igeuze itazame juu na nje, kuelekea anga: itaelekea bluu. Igeuze itazame chini, kuelekea changarawe iliyo juani: itakuwa na wekundu wa chungwa kama uso wa mtu aliyekaa karibu na jiko la mkaa. Dodoma jambo hili ni kali kuliko sehemu nyingi kwa sababu ardhi yenyewe ni nyekundu. Angalia dari ya baraza la bibi na upande wa chini wa ukingo wa paa: vinang'aa kwa joto, wakati sakafu ya sementi kivulini ina bluu. Ukiviweka viwili hivi kwenye picha, joto juu na ubaridi chini, mtazamaji atajua kuna jua kali nje ya kivuli hata kabla hajaliona. Changanya ultramarini, ile bluu iliyokoza, na siena iliyochomwa. Ukizidisha ya kwanza unapata kivuli cha anga, ukizidisha ya pili unapata kivuli cha ardhi. Tyubu mbili, na nyeusi inabaki kwenye sanduku.

Ukitaka kuona mtu aliyelijua hili kwa ukamilifu, tafuta kwenye simu picha za bustani za Joaquín Sorolla, Mhispania aliyezaliwa Valencia mwaka 1863. Alijenga nyumba Madrid yenye bustani, akaichora tena na tena, njia, nguzo, vyungu vya maua na kuta, mpaka alipopata kiharusi mwaka 1920 akiwa anachora bustanini humo humo. Tazama vivuli vyake juu ya kuta nyeupe: zambarau, bluu, hata chungwa, na havina weusi. Jua la Hispania si la kwetu na udongo wao si wetu, kwa hiyo usinakili rangi zake. Nakili ujasiri wake wa kuacha kivuli kiwe na rangi.

Sasa nije kwenye kosa ambalo wewe mwenyewe hulijui, na nimefurahi umeandika miezi. Ulianza Julai, unaendelea Oktoba. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Julai jua la adhuhuri linakuwa upande wa kaskazini, nyuzi kama 60 juu ya upeo. Baraza linalotazama kaskazini wakati huo linapigwa na jua usoni: nguzo zinawaka, na jua linaingia mpaka sakafuni. Kufika mwanzoni mwa Oktoba jua la adhuhuri linapita utosini, na kuanzia kama tarehe 9 ya mwezi huo mpaka mwanzoni mwa Machi linakaa upande wa kusini kutwa nzima. Uso wa nyumba unaotazama kaskazini sawasawa haupati jua la moja kwa moja hata dakika moja. Yaani nguzo ulizozipaka zikiwaka mwezi wa saba, sasa umezizungushia vivuli vya mwezi wa kumi. Jicho la mtazamaji halitakueleza kosa liko wapi, lakini litakataa. Ni kama kusikia mtu akiimba ubeti mmoja kwa sauti mbili tofauti.

Chagua mwezi mmoja. Mimi ningechagua huu huu wa sasa, na si kwa sababu tu ndio ulio nao. Ukisimama kwenye njia ukiitazama nyumba, unatazama kusini, mashariki iko kushoto kwako. Asubuhi jua linatoka kushoto, nyumba nzima inakuwa umbo moja kubwa la kivuli baridi nyuma, na njia yako nyekundu inawaka mbele yake. Mchoraji haombi zaidi ya hapo. Fanya kazi kati ya saa 2 na saa 4 asubuhi, na dakika kumi za kwanza usipake chochote ila mistari ya mipaka ya vivuli vyote. Ukishaichora, usiihamishe. Jua linasogea nyuzi 15 kila saa, na anayekimbiza kivuli hupata picha yenye saa tatu ndani yake. Saa 4 ikifika kunja vitu, rudi kesho saa ile ile. Mchana wa saa 6 na nusu, ambao kwa jua la Dodoma ndio adhuhuri yenyewe, uache: vivuli vimejificha chini ya miti, kila kitu bapa.

Chanja la mizabibu linahitaji aya yake, kwa sababu kwenye picha uliyonitumia umelipigia madoa meupe njiani kama kuku wa madoadoa. Yale madoa ya jua chini ya majani yana umbo, tena umbo lenye sababu. Kila uwazi mdogo kati ya majani ni tundu, na tundu dogo huangusha chini taswira ya jua lenyewe. Ndiyo maana madoa mengi ni mviringo hata kama uwazi wa majani una pembe tatu. Jua likipatwa, madoa yote chini ya mti hugeuka hilali. Waliowahi kuliona hilo hawalisahau. Ukubwa wake ni karibu sentimita moja kwa kila mita ambayo mwanga umesafiri kutoka kwenye jani. Kwa chanja la mita mbili na nusu, Julai saa 3 asubuhi, jua likiwa chini kiasi cha nyuzi 30, mwanga unasafiri mita tano hivi, kwa hiyo doa lina upana wa sentimita tano. Na kwa kuwa linaanguka kwa mshazari, linanyooka mpaka urefu wa kumi. Yote yananyooka upande mmoja. Kwako yanatazama kila upande, ndiyo maana yanaelea hewani badala ya kulala chini. Kingo zake pia ni laini, kwa sababu jua si nukta, lina upana. Kivuli cha nguzo nacho hufuata kanuni hiyo: kikali kwenye shina la nguzo, kinalegea kadiri kinavyokwenda mbali. Ukipaka ukingo mkali mwanzo mpaka mwisho, kivuli kinageuka bango lililokatwa kwa mkasi.

Lakini kama mizabibu ya bibi imeshapogolewa, kama ilivyo kwa wengi Dodoma baada ya mavuno ya kiangazi, basi Oktoba hii huna majani, huna madoa. Una fito. Vivuli vya fito vikikatiza njia kama ngazi iliyolazwa ni zawadi: vitaonyesha njia imeinuka wapi na imebonyea wapi, bila wewe kueleza. Vichore vikikaribiana kadiri vinavyokwenda mbali.

Kijani kilichofanana kinatokana na kutumia kijani cha tyubu. Kiweke pembeni mwezi mmoja. Jani lina hali tatu, na kila moja ina rangi yake. Jani linalopigwa na jua juu yake, hasa jani la kung'aa kama la mwarobaini, halionyeshi kijani sana. Linaakisi anga, linakuwa la kijivu-bluu lenye mng'ao. Jani la kivulini ni kijani kilichopoa. Jani ambalo jua liko nyuma yake, mwanga ukipenya, hilo ndilo linalowaka kijani cha njano, na ndilo la pekee linalostahili rangi kali. Asubuhi ya Oktoba, jua likiwa upande wa nyumba, utayapata mengi ya aina hiyo kwenye bogenvilia. Vichanganye mwenyewe: njano ya oka na ultramarini kwa vilivyopoa, njano kali na bluu kidogo sana kwa linalopenywa. Na hapa nyeusi yako irudi kwenye sanduku la kazi: njano na nukta ya nyeusi hutoa kijani cha zeituni kizuri sana, kijani kamili cha kiangazi cha Ugogo, chenye vumbi juu yake.

Bogenvilia yenyewe, isogelee. Kile unachokiita ua ni majani membamba yenye rangi, kama karatasi. Ua halisi ni kile kijineli cheupe katikati, kidogo kama kichwa cha kiberiti. Kwa kuwa ni membamba, jua hupenya, na ndani ya kichaka kivuli chake si cheusi bali ni wekundu uliokoza. Rangi ile hutaipata kwa nyekundu, bluu na nyeupe. Utapata zambarau iliyochoka. Nunua tyubu moja ya majenta, ile waridi iliyokoza inayoelekea zambarau, na usome maandishi: tafuta yenye kwinakridoni, aina ya rangi isiyopauka upesi. Majenta nyingi za bei rahisi hupauka zikikaa kwenye mwanga, na baada ya miaka michache bibi atakuwa na bogenvilia ya kijivu ukutani.

Giza la sebuleni lina maelezo mepesi. Ulichora kanvasi ikiwa juani. Mboni ya jicho imesinyaa, kanvasi inapigwa na luksi laki moja, kila rangi inaonekana ina mwanga, basi unakoza ili isikuumize macho. Unaingia sebuleni kwenye luksi mia chache, na ukweli unatoka. Kaa wewe na kanvasi yako na paleti kivulini, ukiitazama bustani iliyo juani. Angalia pia unajifunika na nini. Niliwahi kuchora siku mbili chini ya turubai la bluu nikijiona nimepata mahali pazuri. Nilipotoka nayo nje, mandhari nzima ilikuwa ya chungwa, hata mbuzi. Nilikuwa nikiifidia bluu ya turubai bila kujua. Mti, ukingo wa paa, au mwavuli mweusi au mweupe vinatosha.

Kuhusu kukauka: akriliki hukauka kwa maji kutoka, na upepo mkavu wa Dodoma ni mwizi wa maji. Chukua sinia la plastiki lenye mfuniko, tandika kitambaa kilicholowa na kukamuliwa kidogo, juu yake weka karatasi ya kuokea mikate, na rangi zako ziwe juu ya karatasi hiyo. Unyevu utapanda taratibu, na ukifunika usiku zitakuwepo asubuhi. Weka na chupa ya kunyunyizia. Usizidishe maji ndani ya rangi yenyewe, kwani gundi yake inadhoofika na rangi inaweza kubanduka baadaye. Na ukumbuke akriliki ikikauka hukoza kidogo, kwa sababu gundi yake ni ya maziwa ikiwa mbichi na angavu ikikauka. Ichanganye iwe na mwanga zaidi kidogo kuliko unavyotaka ionekane mwishoni.

Je, uhamie mafuta? Kwa kazi hii, hapana. Mafuta yana raha yake: unachanganya kingo laini bila haraka, na rangi haibadiliki sana ikikauka. Lakini huchukua siku hadi wiki kukauka, vumbi la Oktoba litalala juu yake, utahitaji tapentaini na chumba chenye hewa, na Krismasi iko mlangoni. Rangi za maji ni nzuri kwa jua kwa sababu weupe wa karatasi ndio mwanga wako, ila hazisamehi, na karatasi nzuri ni ghali. Baki na akriliki. Rangi za wanafunzi zina unga mwingi wa kujazia na rangi halisi kidogo, hiyo ndiyo sehemu ya vumbi lako ambayo kweli ni kosa la bei. Usinunue seti nzima mpya. Nunua tatu nzuri: nyeupe, ultramarini na hiyo majenta. Rangi za udongo, oka na siena, hata za bei rahisi huwa si mbaya.

Picha za simu zitumie kukumbuka maumbo, si rangi. Kamera inalazimika kuchagua: ikilishika jua, inauzamisha ukuta wa barazani kwenye giza, ikiushika ukuta, anga linakuwa karatasi tupu. Nashuku nyeusi yako ya vivuli umeipata humo.

Mistari ya nyumba yako iko vizuri, sina la kusema, isipokuwa njia imesimama kama ngazi. Mstari wa macho yako ukiwa umekaa kwenye kigoda ni chini kuliko ukiwa umesimama, nawe umechora njia umesimama na nguzo umekaa. Chagua mkao mmoja.

Ile kanvasi ya Julai, je, iokolewe? Inawezekana. Unaweza kupitisha tabaka jembamba la ultramarini na siena, lililolainishwa kwa midiamu ya akriliki (gundi ya akriliki isiyo na rangi), juu ya uso wote wa nyumba ili ushuke kivulini, na tabaka la oka juu ya njia. Itapanda daraja. Lakini ningekushauri uitundike mahali unapoiona, na uanze nyingine. Kwanza fanya vipande vinne vidogo, vya ukubwa wa daftari la shule, kila kimoja asubuhi moja, rangi tano tu, bila jani hata moja: jua na kivuli basi. Kitakachowaka ndicho ukikuze. Ukianza wiki hii, katikati ya Novemba utakuwa kwenye kanvasi kubwa, kabla mvua hazijaipaka bustani yote kijani kipya na kukuvuruga.

Kuna mambo mawili ambayo mimi kwa maandishi siwezi. Kama watu kadhaa wamewahi kukuambia kijani chako ni kahawia, au unachanganya tyubu bila kusoma jina, nenda kliniki ya macho ukapimwe uoni wa rangi. Ni kipimo cha dakika chache, na wapo wachoraji wanaofanya kazi nzuri wakijua hali yao. Vilevile macho yakiuma au kutoa machozi baada ya kila asubuhi ya kuchora, usiyavumilie, yakaangaliwe, na kofia pana iwe sehemu ya vifaa vyako. La pili ni mkono. Kama baada ya vipande vinne koo mbili bado zinachanganyika, tafuta mtu akae ubavuni kwako akutazame unavyochanganya. Saa moja ya hivyo inazidi barua kumi za kwangu. Bagamoyo kuna TaSUBa, taasisi ya sanaa na utamaduni, Dar es Salaam kuna Nafasi Art Space, kituo cha wasanii kule Mikocheni, ukipata safari. Ukikosa, mchoraji wa mabango aliye jirani nawe usimdharau. Jinsi anavyoshika ukingo mmoja mkali na kuulegeza mwingine kwa brashi ile ile, wengi wenye vyeti hawawezi.

Nimesahau mawe ya chokaa. Umeyapaka yote meupe, ishirini na zaidi, kama meno. Paka yaliyo kivulini bluu-kijivu, yaliyo juani ya mbali yape oka, na ile nyeupe tupu niliyokwambia uiweke akiba imalizie kwenye mawili tu, yaliyo karibu na miguu yako.